Tamasha hupita, kanda hubaki na lugha

Mnamo Januari 2025 alifariki Garth Hudson, mpiga kinanda wa bendi iliyovuma Marekani kwa jina la The Band. Kabla yake walikuwa wametangulia Richard Manuel mwaka 1986, Rick Danko mwaka 1999, Levon Helm mwaka 2012 na Robbie Robertson mwaka 2023. Watano wote, basi, wamekwenda njia ya marika. Yamkini wengi wa wasomaji wa safu hii, walimu na wanafunzi ambao ndio hasa ninaowaandikia, hawajapata kulisikia jina la bendi hiyo, wala siwalaumu. Lakini kifo cha mzee huyo kimenirejesha kwenye suala ambalo limenishughulisha kwa muda mrefu, nalo latuhusu sisi watu wa Taita Taveta kuliko linavyowahusu Wamarekani: kundi la waimbaji likishakwisha, hubaki nini?

Mtu atasema hubaki santuri. Ni kweli, santuri zao zipo. Muziki wao ulikuwa wa aina ambayo Wamarekani huiundia jina kwa kuunganisha maneno mawili, lile la nyimbo za jadi na lile la roki. Nami nitauita roki ya jadi. Walichukua nyimbo za wakulima, za makanisa ya vijijini na za wachuuzi wa dawa za mitishamba, wakazioza kwa gitaa la umeme. Hata hivyo, kilichowaweka hai zaidi si santuri bali ni filamu ya tamasha lao la kuagana, lililofanyika tarehe 25 Novemba 1976 katika ukumbi wa Winterland mjini San Francisco, mbele ya watu wapatao 5,000 ambao kwanza walilishwa bata mzinga kwa kuwa ilikuwa sikukuu yao ya kutoa shukrani. Mwelekezaji alikuwa Martin Scorsese. Filamu ikatoka mwaka 1978 ikiitwa The Last Waltz, na baadaye ikatiwa katika kanda za video, kisha katika sahani za DVD, watu wakainunua na kuiweka nyumbani kando ya Biblia na albamu ya picha za harusi.

Mimi ni mtu wa isimu, si wa muziki, na sikio langu hukimbilia mahali ambapo la mwanamuziki hupumzika. Katika filamu hiyo napenda zaidi pale wimbo unapokoma. Levon Helm, mpiga ngoma, ndiye Mmarekani pekee kati ya watano hao. Wenzake wanne walikuwa Wakanada. Alilelewa katika shamba la pamba huko Arkansas. Scorsese anamweka chini na kumwachia azungumze, naye anaeleza jinsi michezo ya hemani ilivyozunguka vijijini kwao, na jinsi usiku ulivyozidi kwenda ndivyo nyimbo zilivyochangamka. Anazungumza lahaja ya kwao bila kuisafisha. Irabu zimevutwa, vitenzi vimeminywa, kicheko kimo mumo ndani ya sentensi. Chukua santuri zote za bendi hiyo uzisikilize mwezi mzima, hutayapata mazungumzo hayo. Studio huyakata. Studio humlipia mtu aimbe, haimlipii azungumze.

Sisemi kwamba filamu ni kioo kisicho na ufa. Inafahamika kuwa sehemu kadhaa za sauti katika filamu hiyo zilirekebishwa studioni baada ya tamasha, na Helm mwenyewe alilalamika katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1993, kwamba mwelekezaji alimpendelea mpiga gitaa na kuwafanya wenzake waonekane kama wapambe. Kamera ina mwenyewe, na mwenyewe ana macho yake. Lakini hata shahidi mwenye upendeleo ni bora kuliko kukosa shahidi.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wa leo huenda wasilielewe vyema. Filamu ilipohama kutoka ukumbi wa sinema hadi kanda ya nyumbani, mtazamaji alipata uwezo ambao hakuwa nao kamwe: uwezo wa kurudisha nyuma. Katika sinema neno likikupita limekupita. Kwenye deki unabonyeza, kanda inarudi ikilia kama panya aliyebanwa, unasikiliza tena, mara ya tatu, mara ya kumi. Kwa mpenzi wa muziki hiyo ni starehe. Kwa mwanafunzi wa lugha huo ni utafiti. Sisi tuliolelewa Marungu tunakumbuka vibanda vya video pale Maungu, kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, madereva wa malori wamebanana na vijana wa ranchi kwenye mabenchi, jenereta inanguruma nje. Filamu nyingi zilikuwa za mateke ya Wachina na za Wahindi kuimbiana mvuani. Lakini mara moja moja uliwekwa muziki, na hapo hadhira ilidai irudiwe, na ikarudiwa.

Kwa Mwafrika, kanda ya aina hiyo iliyo na uzito kuliko zote ni ile ya Harare.

Paul Simon, mwimbaji aliyejulikana tangu miaka ya 1960 kwa roki hiyo hiyo ya jadi, alikwenda Johannesburg mwaka 1985 akarekodi na wanamuziki wa huko, na mwaka 1986 akatoa albamu yake Graceland. Akalaumiwa vikali, kwani Umoja wa Mataifa ulikuwa umepitisha azimio mwaka 1980 la kuitenga Afrika Kusini ya makaburu kiutamaduni. Wengine walimtetea kwamba aliwalipa wanamuziki vizuri na kuwapeleka duniani. Wengine walisema hakuna mtu mmoja mwenye haki ya kulegeza kamba iliyofungwa na umma. Mjadala huo sitauamua hapa. Ninalotaka kusema ni kwamba mwezi Februari 1987, kwa kuwa Johannesburg ilikuwa haiendeki, alifanya tamasha katika uwanja wa Rufaro, Harare, ambako Bob Marley aliimba usiku wa uhuru wa Zimbabwe mwaka 1980. Michael Lindsay-Hogg akalipiga picha, na filamu ikauzwa kwa kanda za nyumbani, urefu wa takriban saa moja na nusu.

Mwalimu yeyote wa lugha ambaye hajaiona kanda hiyo ajitahidi kuitafuta. Ndani yake mna Ladysmith Black Mambazo, wanaume wa Kizulu wakiongozwa na Joseph Shabalala, wakiimba bila ala. Mna Miriam Makeba, mkimbizi tangu mwaka 1960, akiimba wimbo uliotungwa na Hugh Masekela kuhusu Soweto. Wanafunzi wangu huniuliza: Soweto ilikuwa nini? Nami huwajibu kwamba ulikuwa ugomvi wa lugha. Tarehe 16 Juni 1976 watoto wa shule waliandamana kukataa kufundishwa masomo yao kwa Kiafrikana, wakapigwa risasi. Wapo wanaodhani isimu ni taaluma ya kuhesabu viambishi. Hao wamtazame Makeba usoni anapoimba wimbo ule, akiwa nje ya mpaka wa nchi aliyokatazwa kuingia.

Kisha anasimama Masekela mwenyewe na kisa chake cha garimoshi. Kwa muda mrefu haimbi, anasimulia. Anataja nchi moja baada ya nyingine ambako treni inazoa vijana na wazee kuwapeleka migodini, anaeleza chakula chao na vitanda vyao, halafu analia kwa kinywa chake kama filimbi ya injini mpaka nywele zinasisimka. Kwenye karatasi maneno hayo yangekuwa ya kawaida. Uzito wake umo katika pumzi, katika kunyamaza, katika jasho linaloteremka. Kila niitazamapo sehemu hiyo huwaza reli yetu. Garimoshi limekuwa likipita Voi na Maungu tangu miaka ya 1890, likiwabeba manamba wa mikonge, wachuuzi, askari wa vita viwili vikuu, wanafunzi na wafu wanaorejeshwa kuzikwa. Visa vya reli hiyo nimevisikia kwa Kidawida, kwa Kisaghala, kwa Kikamba na kwa Kiduruma. Nimevisikia tu.

Makeba ndiye anayetuunganisha na kanda ya Harare kwa njia ambayo wengi wameisahau. Yeye ndiye aliyeupeleka mbali wimbo "Malaika". Aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika albamu yao ya mwaka 1965, ambayo ilishinda tuzo ya Grammy mwaka uliofuata, na tuzo yenyewe, angalia mzaha wa historia, ilikuwa ya kitengo cha muziki wa jadi. Pete Seeger, mzee wa nyimbo za jadi za Marekani, naye aliuimba. Boney M wakaupiga kwa mdundo wa disko mwaka 1981. Angélique Kidjo akautoa upya mwaka 1991. Hakuna wimbo wa Kiswahili uliosafiri zaidi ya huo.

Aliyekuwa wa kwanza kuurekodi ni mwana wa Taita, Fadhili William, akiwa na kundi lake la Jambo Boys. Wengine wamedai utunzi wake. Anatajwa Adam Salim wa Tanzania, ambaye inasemekana aliutunga katika miaka ya 1940, na hata huku pwani yapo majina mengine. Mzozo huo haujapata hakimu, na mmojawapo wa sababu ni kwamba maonyesho ya kabla ya santuri hayakuacha alama yoyote isipokuwa kumbukumbu za watu. Santuri ilimtambua aliyefika kwenye maikrofoni. Si lazima awe aliyetunga, na si lazima asiwe yeye.

Jina lake kamili lilikuwa Fadhili William Mdawida. Msomaji asiyetoka kwetu asipite hapo haraka. Mdawida maana yake ni Mtaita, mtu wa watu wanaojiita Wadawida. Jina hilo la tatu ndilo lililobeba mlima, ukoo na lugha, na ndilo lililoanguka njiani. Dunia ilimjua kama Fadhili William, majina mawili ambayo yangeweza kuwa ya mtu wa popote kuanzia Lamu hadi Lubumbashi. Alifariki Nairobi mwaka 2001. Sauti yake tunayo, dakika tatu hivi kila upande wa santuri, tena kwa Kiswahili sanifu chenye lafudhi laini. Lakini alipopanda jukwaani alisema nini kabla ya wimbo? Aliwasalimu vipi watu wa kwao? Alichanganya Kiswahili na Kidawida, au kila lugha aliipa zamu yake? Walimwitikia vipi? Maswali haya si ya udaku. Ndiyo maswali ya msingi ya isimu-jamii, na kwa bendi ya San Francisco naweza kuyajibu nikiwa nimekaa sebuleni, ilhali kwa jirani yangu siwezi.

Hapo ndipo palipo na jeraha. Tumezoea kusema utamaduni wetu haukuandikwa. Basi tumejitahidi kuandika: kamusi, tafsiri ya Biblia, vitabu vichache vya kusomea. Ni kazi njema. Lakini Kidawida ni lugha ya toni, tofauti na Kiswahili. Kupanda na kushuka kwa sauti kunabeba maana, na maandishi yetu ya kawaida hayaonyeshi toni hata moja. Mtoto aliyelelewa Mombasa au Nairobi akipewa ukurasa wa Kidawida atausoma kwa mkazo wa Kiswahili, kila neno likipigwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na bibi yake atacheka au atalia. Ukurasa haumfunzi. Sauti itamfunza kiasi. Picha yenye sauti itamfunza zaidi, kwa sababu ataona mdomo, mkono, jicho, na umbali anaosimama kijana mbele ya mzee wake anapomjibu.

Isitoshe, hakuna Kidawida kimoja. Mtu wa Mbololo na mtu wa Bura hutambuana kabla salamu haijaisha. Kasighau wana namna yao. Kisaghala, kinachozungumzwa mlima ule unaouona ukiwa mjini Voi, wataalamu wengi hukihesabu kuwa lugha kando, ingawa Malcolm Guthrie aliziweka zote mbili katika kikapu kimoja alichokiita E74. Na huku chini Marungu, ambako Mdawida, Mduruma, Mkamba na Msomali huchota maji kisima kimoja, kuna mchanganyiko ambao hakuna kamusi iliyouthubutia. Katika harusi moja utasikia wimbo ukianzishwa kwa lugha moja, ukaitikiwa kwa nyingine, na mfawidhi akafanya mzaha kwa ya tatu. Kuna kitabu gani kitakachobeba hayo?

Wenzetu wameanza. Zanzibar ilikuwa na bahati ya kupata filamu ya Bi Kidude, As Old as My Tongue, mwaka 2006, miaka 7 kabla ya bibi huyo kuaga dunia, na ndani yake anaimba, anatania, anavuta sigara na kuwajibu watu kwa Kiunguja chake kisichoogopa mtu. Hapa Kenya, kampuni ya Ketebul Music ya Nairobi ilitoa mwaka 2008 kijitabu pamoja na sahani ya muziki na DVD kuhusu historia ya benga, na baadaye ikafanya hivyo kwa muziki wa Wakikuyu na kwa nyimbo za malalamiko. Ukiitazama ile ya benga utawasikia wazee wa gitaa wakieleza kwa maneno yao wenyewe jinsi walivyozihamishia nyuzi za nyatiti kwenye gitaa. Nasubiri kwa hamu siku ya kuona kazi ya kiwango hicho kuhusu milima yetu.

Msomaji kijana ameshaanza kukunja uso. Daktari, atasema, kanda za nini tena? Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kuunda deki za VHS, iliacha mwaka 2016. Siku hizi kila mtu ana simu, na kila harusi ya Maungu imo kwenye YouTube kabla pilau haijapoa.

Hoja hiyo ina nguvu, nami sitaibeza. Simu zimefanya kwa miaka 10 kile ambacho serikali haikufanya kwa 50. Lakini tazama wanavyopiga picha. Kijana anawasha simu wimbo ukianza, anaizima ukiisha. Akirudi nyumbani anakata tena, abakize nusu dakika ambayo watu wanaruka zaidi. Yale niliyoyataja, mazungumzo ya katikati, mzaha wa mfawidhi, mzee anayemkatiza mwimbaji kumsahihisha neno, ndiyo yanayotupwa kwanza. Tumerejea studioni bila kujua, ila sasa kila mmoja wetu ana mkasi mfukoni. Aidha, kilichowekwa kwenye mtandao si mali ya aliyekiweka kama kanda ilivyokuwa mali ya nyumba. Akaunti hufungwa, simu huibwa, kampuni hubadili masharti. Kanda ilikuwa inaliwa na ukungu, hiyo ni kweli, na wenye kanda za harusi za miaka ya 1990 wanafaa kuzipeleka kwa fundi azihamishe upesi. Lakini haikuhitaji bando. Mwalimu wa shule iliyo nyuma ya Kasighau aliye na kompyuta moja na mtandao unaokuja kwa msimu kama mvua anajua tofauti hiyo kuliko mimi.

Sheria nayo ilichelewa kuuona mwili wa mwimbaji. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1996 kuhusu haki za watendaji ulilinda utendaji wa sauti. Aliyeonekana kwenye picha aliachwa nje. Ilibidi kusubiri Mkataba wa Beijing wa mwaka 2012, nao haukuanza kufanya kazi hadi Aprili 2020. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inampa mtendaji haki juu ya kurekodiwa kwa onyesho lake. Nalitaja hili kwa sababu nimeona, zaidi ya mara moja, wageni wakija na kamera nzuri, wakawachezesha akina mama mwazindika jua kali, wakawagawia soda, wakaondoka. Hakuna nakala iliyorudi. Akina mama hao hawajui walisema nini mbele ya kamera ile, wala wajukuu wao hawatajua. Mwenye kanda ndiye atakayewaambia watu wa kesho jinsi Wadawida walivyozungumza.

Kwa hiyo nawageukia walimu. Kiswahili na Kiingereza vina vitabu. Lugha za kiasili ziliingizwa katika mtaala mpya wa Gredi ya 1 hadi ya 3 kuanzia mwaka 2019, na walimu wengi wameniambia kwamba saa ya somo hilo hugeuka kuwa saa ya hesabu kwa kukosa cha kufundishia. Tangu Januari 2026 kuna wanafunzi wa Gredi ya 10, na baadhi yao wamechagua mkondo wa sanaa na michezo. Wanatakiwa kufanya miradi. Kila mwaka tunawatoa watoto kwenye Tamasha la Muziki la Kenya wakiwa wamekariri nyimbo za kiasili za jamii ambazo hawajawahi kusikia zikizungumza, wakapewa alama kwa mavazi na kwa kunyooka kwa mstari. Saa ya mwamuzi inahesabu. Mzee aliyewafunza wimbo hukaa nje ya ukumbi akishika majaketi yao. Mimi ningemgeuzia yeye kamera.

Na si kazi ya gharama. Simu ya kawaida ikiegemezwa mahali pamoja, isichezechezeshwe, na iwashwe mapema kabla ya ngoma kuanza, izimwe baada ya watu kutawanyika. Mahali pawe na watu wanaoielewa lugha, kwa maana mwimbaji aliye mbele ya wasiomwelewa huzungumza kama mtu anayeongea na mtalii. Asiambiwe aseme Kiswahili ili "ieleweke". Tafsiri itaandikwa baadaye chini ya picha na wanafunzi wenyewe, na hapo ndipo watakapogundua ni maneno mangapi ya nyanya zao hawayajui. Aulizwe kwanza kama anaridhia, jina lake liandikwe lote, hata la tatu, na nakala apewe yeye kabla ya mtu mwingine yeyote, katika chombo anachoweza kukiwasha nyumbani kwake.

Wengine wameniuliza waanzie wapi. Ningeanzia Kasighau. Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliwashuku watu wa mlima huo kwamba waliwasaidia Wajerumani, wakawahamisha kwa nguvu hadi Malindi, ambako wengi walifia kwa maradhi ya pwani. Waliosalia hawakuruhusiwa kurejea hadi miaka ya 1930. Waliozaliwa mara baada ya kurejea huko, waliosimuliwa safari ile na wazazi walioitembea, sasa wanakaribia au wamepita miaka 90. Likizo ya Aprili ni ya majuma machache, na wajukuu wengi huwa nyumbani.